Mpe mbunge kazi, si mkono wa kuomba

Mimi ni fundi wa kushona, mkaaji wa komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Ni sekretari pia wa komite ya avenyu yetu, kazi niliyopewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na karatasi hazipotei mikononi mwangu, basi. Kazi hiyo ndiyo iliyonizoesha milango ya wabunge na ya komine, ile serikali ndogo ya kila sehemu ya jiji. Siku hizi watu wa kartie (mitaa) nyingine wanakuja hadi kwenye mashine yangu kuuliza namna ya kumfikia mbunge: "Yaya, ninyi munapitaka wapi?" Ninayowajibu ni haya.

Mbunge yeyote akirudi mjini kutoka Kinshasa, asubuhi yake utakuta watu wamejaa uani kwake kwenye viti vya plastiki. Huyu ana matanga, yule mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa deni la shule, mwingine ameshika bahasha ya kuombea kijana wake kazi mgodini. Siwacheki, shida zao ni za kweli. Ila ukikaa kwenye kiti kile na shida ya kartie yako, nayo itapimwa kwa mfuko wa Honorable: leo ana kitu au hana. Akitoa noti mbili tatu, amemaliza na wewe, na wewe umemaliza naye. Kanivo, yaani mfereji wa maji ya mvua, litabaki limeziba vilevile.

Mbunge hana pesa za kujenga kanivo, na hata angekuwa nazo si kazi yake. Alicho nacho ni vitu ambavyo mimi na wewe hatuna: kura ya kupitisha budget, haki ya kuiuliza serikali kwa maandishi au kwa mdomo, haki ya kumwita waziri aje ajielezee mbele ya wenzake. Hayo ndiyo ya kwenda kuomba. Nimeona wabunge ambao uso unabadilika wanapogundua kwamba watu hawa hawakuja kwa ajili ya mfuko. Wengine wanashtuka kidogo.

Unamtafuta nani?

Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura nne kwa siku moja: ya rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo (yaani province) na ya konseye wa komine. Tulitoka pale wengi wetu tukiwaita wote "Honorable", kana kwamba wanafanya kazi moja.

Konseye wa komine, yaani diwani, ndiye wa karibu. Anahusika na mambo ya komine: usafi, masoko madogo, njia za ndani, na zaidi ya yote budget ya komine. Mbunge wa jimbo anakaa kwenye Bâtiment du 30 Juin, hapa hapa mjini. Yeye na wenzake ndio wanaomchagua gavana na ndio wanaoisimamia serikali ya jimbo, kwa hiyo waziri wa jimbo hapuuzi barua yake. Mbunge wa taifa ni mmoja wa 500 walioko Palais du Peuple, Kinshasa. Kwake peleka mambo ya sheria za nchi, ya mawaziri wa taifa na ya makampuni ya serikali kuu, umeme na maji yakiwemo. Seneta hatukumpigia kura sisi. Anachaguliwa na wabunge wa jimbo, wanne kwa kila jimbo isipokuwa Kinshasa yenye nane.

Meya na maburugumesta, yaani wakuu wa komine, tuliowazoea kwa miaka mingi wametoka kwa kuteuliwa, si kwa kura. Hata hivyo usiwaruke, wala usimruke chef wa kartie. Swali la kwanza la mbunge mwenye akili huwa "Burugumesta anajua?" Ukitazama chini, mazungumzo yameisha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, tafuta shida yako ni ya ofisi gani. Kanivo kubwa la barabara ya jiji ni jambo la Office des Voiries et Drainage (ofisi ya serikali ya barabara na mifereji) na la wizara za miundombinu. Kamfereji ka kati ya nyumba ni jambo la komine na la mikono yenu wenyewe ya Jumamosi. Nenda kwa chef wa kartie, nenda kwa agent wa komine, uliza. Mtu anayempelekea konseye wa komine malalamiko ya umeme wa taifa anampa sababu nzuri ya kutofanya kitu, na sababu hiyo ataitumia mwaka mzima.

Kuna jambo ambalo karibu kila anayekuja kuniona halijui: hakuna mbunge "wa Katuba". Kwa kura ya wabunge, wa taifa na wa jimbo, jiji zima la Lubumbashi ni eneo moja la uchaguzi, komine zote saba: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi. Yeyote aliyechaguliwa hapa ni wako, hata yule wa chama ambacho hukukipa kura, hata yule anayekaa upande mwingine wa mji. Mmoja akifunga mlango, mwingine yupo. Nao wanajua hivyo, ndiyo maana hawapendi kusikia kwamba mwenzao ametangulia.

Ila upande wa pili wa shilingi huu hapa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 101, inasema mbunge wa taifa anawakilisha nchi nzima, na kwamba amri ya kumfunga mbunge afanye hiki au kile haina nguvu. Yale maneno ya "sisi ndio tuliokutuma, utafanya" ni mazuri kwenye mkutano wa hadhara, lakini ofisini hayana meno. Unaweza kumshawishi, kumkumbusha, kumwaibisha kwa adabu kukihitajika. Kumwamuru huwezi.

Na tafuta majina ya suppléants wake. Kila mbunge wa taifa amechaguliwa pamoja nao, na akiteuliwa waziri, mmoja wao ndiye anayekalia kiti. Watu huwaona kama vivuli. Mimi huwasalimu kwa majina, nawapa nakala ya barua, nawaalika kwenye usafi wa avenyu. Hawana foleni uani kwao, na wana muda wa kusoma.

Kiangazi ndicho msimu wa kazi

Bunge la taifa lina session mbili za kawaida: kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, na kuanzia Septemba 15 hadi Desemba 15. Ile ya Septemba ndiyo ya budget. Assemblée ya jimbo, yaani bunge la jimbo, nayo ina session ya Machi na ya Septemba, na budget ya jimbo inaangukia hiyo ya pili. Katikati ni likizo ya bunge, ambapo mbunge anatakiwa kurudi kwa waliomchagua, kusikiliza, na kuandika ripoti.

Weka hayo pembeni ya majira yetu. Juni hadi Septemba ni kiangazi: vumbi, baridi ya asubuhi, kanivo zimekauka na takataka zote zinaonekana. Mbunge wa taifa yuko mjini. Budget bado haijapigiwa kura. Mvua bado. Huo ndio wakati wa kumtembeza. Lakini watu wengi wanangoja hadi maji yaingie sebuleni mwezi wa kwanza ndipo wanakimbia kwa Honorable. Wakati huo budget imeshapita, na atakachoweza kukupa ni pole. Pole na labda magunia ya unga.

Sisi barua tunaiandika Juni, mkutano tunauomba Julai, na Agosti tunatembea naye kwenye avenyu. Septemba ikifika, tayari ana kitu mkononi cha kusemea.

Karatasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za kartie zinapofia.

Karatasi iwe moja. Upande mmoja. Kuna mzee wa komite yetu, mwalimu mstaafu, aliyependa kuanza barua na historia ya Katuba tangu wakati wa Wabelgiji. Tunampenda sana, lakini barua sasa inaanza na shida: mahali gani, tangu lini, watu gani inawagusa, nani alishaambiwa, na tunaomba nini. Ombi liwe moja, na liwe tendo ambalo mtu wa cheo chake anaweza kulifanya. "Tunaomba utusaidie" si ombi. "Tunaomba umwandikie waziri wa jimbo wa miundombinu swali la maandishi: je, kanivo hili limo kwenye mpango wa mwaka ujao, na kwa kiasi gani?" Hilo ni ombi. Msaidizi wake anaweza kulinakili kama lilivyo, na ndivyo ninavyotaka.

Vipimo usivikisie. Ilipokuja zamu ya kanivo la mbele ya shule, nilishuka ndani na mita yangu ya kupimia nguo, vijana wakacheka barabara nzima. Udongo ulikuwa umefika sentimita 40 kwenye mfereji wa sentimita 60. Tukahesabu milango ya nyumba ambazo maji yaliingia, mlango kwa mlango, na kila mwenye nyumba akatia sahihi. Tukapiga picha nne, moja ikiwa na watoto wamevua viatu kuvuka, nyuso zao hazionekani. Mbunge akisimama kusema "udongo ni sentimita 40", waziri hawezi kumjibu kwamba anatia chumvi. Akisema "watu wangu wanateseka", anajibiwa kwa huruma na kikao kinaendelea.

Barua iandikwe kwa Kifaransa. Najua, Kiswahili ni lugha ya taifa kwa katiba pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na mkutanoni tutazungumza Kiswahili chetu. Lakini karatasi inayozunguka ofisini inazunguka kwa Kifaransa, na usipoiandika wewe mtu mwingine ataitafsiri anavyotaka. Anza na "Honorable Député", maliza na "haute considération" zako, hapo usibuni. Chini weka sahihi tatu au nne, na nambari za simu mbili zinazopokelewa kweli.

Kuna mstari wa "Transmis copie pour information à". Mstari huu una sumu yake. Ukipeleka nakala kwa gavana, meya, burugumesta, redio na mkuu wa polisi kwa pamoja siku ya kwanza, mbunge ataona umemshitaki kabla hujamwomba. Sisi tunaanza na wawili: burugumesta na chef wa kartie. Wengine wanangoja zamu yao.

Chapisha mbili. Moja unaacha, nyingine sekretari anaipiga muhuri wa kupokea, anaandika tarehe na jina lake. Usiondoke bila huo muhuri hata kama anakwambia "acha tu Mama, nitampa mwenyewe". Mwambie kwa upole kwamba komite itakudai. Ni kweli, itakudai. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kupelekwa, hata kama ulitoka jasho ukiipeleka.

Na huyo sekretari, pamoja na msaidizi wa bunge na mlinzi wa getini, wajue kwa majina. Nani amefiwa, nani amejifungua. Si hila hii, ni maisha yetu ya kawaida. Siku Honorable anapopata nusu saa tupu kabla ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano, ni wao wanaoamua simu inapigwa kwa nani.

Siku ya kuonana

Nendeni wanne. Mzee mmoja mwenye heshima kwenye kartie, mama mmoja anayeguswa na shida moja kwa moja (kwetu alikuwa muuza mboga ambaye meza yake husombwa), kijana mmoja, na mwenye karatasi. Mkiwa kumi na tano, huo ni mkutano wa hadhara na mbunge atahutubia. Mkiwa mmoja, wewe ni mwombaji.

Changanyeni makabila, na mchanganye vyama. Nasema wazi kwa sababu mji huu una historia yake na sote tunaijua. Njia fupi ya kumfikia mbunge ni kupitia chama cha watu wa kwao, na itakufikisha haraka kweli. Lakini tangu siku hiyo kanivo lenu ni la watu wa kabila fulani, na jirani zenu wa asili nyingine watakaa pembeni wakingoja lishindwe. Maji hayaulizi mtu ametoka wapi.

Vaeni kama mnaokwenda kanisani, bila kupita kiasi. Msivae nguo ya chama chochote, hata chake. Hasa chake.

Nitawasimulia mara moja ilivyokwenda, bila jina. Tulifika saa mbili asubuhi, tukaambiwa "Honorable anakuya", akatoka saa nne na nusu. Tulisimama. Mzee wetu ndiye aliyeanza, si mimi mwenye karatasi. Alimsalimu, akauliza habari za mama yake aliyekuwa mgonjwa, akamshukuru kwa swali aliloliuliza bungeni kuhusu jambo lingine kabisa. (Tafuta kitu cha kweli alichokifanya na ukiseme. Kila mmoja wao amefanya angalau kimoja. Sifa ya uongo wanaitambua, wanaishi nayo kutwa.) Kisha mzee akasema sentensi ambayo tulikuwa tumekubaliana nyumbani:

"Papa Honorable, atukuye kulomba makuta. Tulikuya na kazi." Yaani hatukuja kuomba pesa, tumekuja na kazi.

Mbunge akacheka, akavuta kiti karibu. Hapo ndipo nikatoa karatasi na picha. Nikasoma mistari mitatu, mama wa mboga akaeleza mvua ya mwisho kwa maneno yake, kijana akaonyesha video ya sekunde chache. Dakika kumi hivi. Kisha tukanyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu. Watu wetu wakishapata sikio la mkubwa, wanataka kumwaga yote: umeme, polisi, bei ya unga. Jizuieni. Mambo matano yakitajwa, atachagua lile rahisi kuliko yote, na halitakuwa lenu.

Akasema, "Hii ni ya serikali ya jimbo, mimi ni wa Kinshasa." Jibu hilo tulilitegemea. Nikamwambia ndiyo, Papa, na barua nyingine tumempa mbunge wa jimbo, muhuri huu hapa. Kwako tunaomba umuulize waziri wa taifa kuhusu upande wa Office des Voiries et Drainage, maana kanivo hili linaungana na lile la barabara kubwa. Akaangalia muhuri wa mwenzake kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia picha. Akamwita msaidizi, akasema, "Andika." Tukauliza tarehe. Hakutupa, akatupa mwezi. Tukauandika mbele yake.

Wakileta maji au sukre (soda), kunywa. Kukataa kinywaji nyumbani kwa mtu ni tusi. Pesa ni jambo lingine. Mwishoni msaidizi anaweza kuja na bahasha, "ya transport". Hili likubalianeni kabla ya kutoka nyumbani, na anayejibu awe mzee, kwa sababu kijana akikataa inaonekana jeuri. Mzee wetu aliweka mikono miwili kifuani, akasema: "Tunakushukuru sana, mwanangu. Transport tulishajipanga. Ile utie ku barua yetu." Hakuna aliyechukia. Nakiri kwamba njiani kuelekea kituo cha taksi-basi kijana wetu hakuzungumza na mtu.

Kitu kimoja tena: usirekodi kwa siri. Simu ziwekwe mezani, au uombe ruhusa. Sauti moja ikivuja WhatsApp, mlango umefungwa kwenu na kwa kartie zote zitakazokuja nyuma yenu.

Jioni ile ile

Kabla ya kulala, tuma ujumbe kwa msaidizi. Wangu ulikuwa hivi:

"Jambo sana kaka. Komite inamshukuru Honorable kwa kutupokea leo. Tulivyoelewana: (1) Honorable atamwandikia waziri swali kuhusu kanivo la mbele ya shule kabla ya mwisho wa Septemba. (2) Sisi tutaleta orodha ya nyumba zilizoingiliwa na maji, wiki ijayo. Kama nimeandika vibaya, unisahihishe. Usiku mwema."

Huo "unisahihishe" ndio kazi yote. Asiposahihisha, mmekubaliana. Na zingatia kwamba nasi tulijipa kazi. Tuliipeleka ile orodha kabla ya siku yake. Ukitaka mtu mkubwa aheshimu neno lake, wewe mdogo uwe umeheshimu lako, tena mapema.

Kisha ripoti kwa watu wako. Sisi tunabandika karatasi kwenye mlango wa duka la kona: tulimwona nani, alisema nini, tumeahidi nini. Ukikaa kimya, kwenye avenyu watasema mmekula.

Na mbunge akifanya kitu, hata nusu, mshukuru hadharani kwa kiasi hicho hicho. Alipouliza lile swali, tulimwandikia barua ya asante ya mistari sita na tukamtaja kwenye kipindi cha asubuhi cha redio: "Honorable ameuliza, tunangoja jibu." Hatukusema amejenga. Watu wa ofisi walikuja kupima. Kipande cha mbele ya shule kilichimbwa, cha upande wa soko bado, na tunasema hivyo hivyo, kimechimbwa na bado. Kuna wenzetu wa komine nyingine waliomvisha mbunge wao kitenge na kumchezea ngoma kwa daraja lililokuwa na mbao tatu. Sasa wanapomuuliza kuhusu zilizobaki, anawaonyesha video ya ngoma.

Kuhusu T-shirt na kuwa "mobilisateur" wake, yaani mhamasishaji: mtu binafsi ana haki ya kupenda chama anachotaka, ila sekretari wa komite aache nafasi kwanza. Uchaguzi ni kila miaka mitano. Mbunge wako wa leo anaweza kurudi nyumbani kesho, na kanivo litabaki hapa na wewe.

Pesa za migodi na konseye wako

Hili ni la haraka, lakini wenye komine zenye mgodi walisome mara mbili. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa redevance, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hulipa serikali, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komine au sekta au chefferie (eneo la chifu) ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Ukimwendea konseye ukamuuliza "zile 15 kwa mia za komine yetu zimeandikwa mstari gani kwenye budget?", umemuuliza swali ambalo yeye naye ana haki ya kulipeleka kwa burugumesta. Usimuulize kama polisi. Muulize kama mtu anayetaka kumsaidia aulize. Wengi wao ni wapya kwenye kazi hii na hawajawahi kuonyeshwa budget yenyewe; mkiisoma pamoja, mmeshakuwa marafiki wa kazi.

Akinyamaza

Atanyamaza, mara nyingi. Usianze na matusi kwenye Facebook, maana ukishayatoa huna kitu kingine cha kutoa.

Baada ya mwezi uliotajwa kupita, peleka barua ya kumkumbusha, fupi, na nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri. Pigia msaidizi, si mbunge. Nambari ya mbunge ikiwa unayo, iweke kwa siku ya moto. Kama bado, mwendee mbunge mwingine wa Lubumbashi na umwambie ukweli: tulianza kwa fulani, tunaheshimu kazi yake, lakini mvua haingoji. Ukienda redioni, mjulishe msaidizi siku moja kabla: "Kaka, kesho tutazungumza kwenye kipindi, Honorable anakaribishwa kupiga simu." Mara mbili jibu tulilongoja lilikuja usiku huo kabla ya kipindi.

Mkitaka kutembea barabarani, kifungu cha 26 cha katiba kinataka mwandalizi aijulishe mamlaka kwa maandishi. Andika, piga muhuri, tembea na nakala mfukoni. Kuijulisha si kuiomba ruhusa, lakini usiende kubishana hilo na askari wa barabarani ukiwa na watoto nyuma yako. Kijana mmoja aende mbele na karatasi, aizungumze kwa sauti ya chini.

Na kuna petisyo, yaani barua ya ombi yenye sahihi za watu. Kifungu cha 27: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kuiandikia mamlaka ya umma petisyo, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kuiandika. Nakishona kifungu hiki kwenye kila petisyo, neno kwa neno, juu kabisa ya sahihi, ili mama mwenye woga akisome kabla ya kushika kalamu. Sahihi zikusanywe kwa mkono, jina, avenyu na nambari ya nyumba, bila majina ya marehemu wala ya watoto. Jina moja la uongo likipatikana watalitumia kutupa yote. Ipeleke kwa ofisi yenye uwezo wa kuamua, nakala kwa mbunge wa jimbo na wa taifa, na safari hii gavana naye awemo kwenye ule mstari wa nakala. Miezi mitatu hesabu tangu tarehe iliyo kwenye muhuri, uiandike kwenye kalenda ya ukutani, na siku ya kwanza baada ya miezi hiyo kuisha uwe mlangoni saa mbili, na wale wale wanne.